Kiraka Kwenye Mkeka wa Kriketi

Vijana wangu wa timu, amani iwe kwenu.

Kapteni wenu alikuja kwangu Kibomet akaniomba niwaandikie kuhusu miaka yangu ya kurusha mpira wa kriketi. Nadhani alitarajia hesabu ya wiketi, yaani wapigaji niliowatoa mchezoni. Hesabu hiyo sina. Daftari lenye majina ya wote niliowatoa lilinyeshewa paa lilipovuja, na mke wangu akaliwashia moto wa jikoni pamoja na magunzi. Alisema hakujua ni kitu cha maana. Nilimwamini, kwa sababu tulikuwa tumefunga ndoa mwezi huohuo na sikuwa na njia nyingine.

Nilichobaki nacho ni bega la kulia linaloniambia mvua ikija, na mambo niliyofundishwa na watu wenye subira kuliko mimi. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili, hata bega.

Nimewatazama Jumamosi tatu mfululizo, nikiwa kwenye kiti changu kando ya uwanja. Mna helmeti. Mna zulia la nyasi za plastiki. Mna simu za kujipiga picha mkirusha, halafu mnazirudisha polepole kuona kosa liko wapi. Ni vizuri sana, wala siwaonei wivu, ila kidogo. Lakini nimeona wengi wenu mkikimbia huku mnautazama mpira mkononi. Mpira uko mkononi, hautatoroka. Tazameni mahali mnapotaka uanguke. Na kabla ya kuanza kukimbia, tazameni miguu ya mpigaji, msiutazame uso wake. Uso hudanganya. Nimewahi kumwona mtu akinicheka huku goti likimtetemeka.

Mimi nilianza nikiwa mtu mzima. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, napima magunia kwenye ghala la mahindi mjini Kitale. Wazazi wangu walikuwa wametoka Nyeri wakanunua shamba dogo huku, na kwetu hakuna aliyejua kriketi ni mnyama gani. Siku moja alikuja ghalani Jagdish, fundi wa matrekta, Mhindi mrefu mwenye mikono iliyojaa grisi, akanitazama nikirusha magunia matupu juu ya rundo.

"Wewe, mkono yako iko refu," akasema. "Jumamosi kuja uwanja."

Nilidhani ameniitia kibarua. Nilikwenda na jembe.

Jagdish ndiye aliyekuwa kapteni wa timu ya mji. Alinipa mpira mwekundu, mgumu kama jiwe, akaniambia niurushe kwenye vijiti vitatu vilivyosimikwa chini, ambavyo mpigaji huvilinda. Niliurusha kama nilivyozoea kufukuza nyani shambani, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Vijiti vikaruka vyote. Nikasimama nikingoja sifa.

"Hiyo ni ya nyani," akasema. "Kriketi mkono hapana kunja. Mwamuzi anakataa."

Akachukua vipande viwili vya mbao na mpira wa tyubu ya baiskeli, akanifunga kiwiko kikanyooka kama mti wa simu. Akasema nitembee hivyo mpaka nyumbani, nizoee. Kutoka uwanjani mpaka Kibomet nilipewa pole na watu wengi. Mama mmoja alitaka kujua ni nani amenivunja na kama nimepiga ripoti. Nilirudia zoezi hilo wiki sita. Ninyi mkipata mwenzenu anayekunja kiwiko, msimcheke. Mfungeni mbao kwa upole.

Mkono uliponyooka, Jagdish aliniwekea gunzi la mahindi chini, hatua nne mbele ya vijiti vya mpigaji. Mpira ukianguka hapo, mpigaji hajui kama aufuate mbele au arudi nyuma. Kila jioni baada ya kazi nililenga gunzi. Mwezi wa kwanza gunzi lile lingeweza kuzeeka bila kuguswa. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nalivunja mara mbili katika mipira sita. Mungu alinipa mkono mrefu, lakini shabaha nilipewa na Jagdish na gunzi. Nawaambia haya kwa sababu shabaha hiyohiyo ndiyo iliyonitia katika dhambi ninayotaka kuwaeleza. Sijawahi kuiandika. Wanangu wanaijua, na wazee wenzangu wa kanisa wanaijua, na sasa mtaijua ninyi.

Siku zile hatukuwa na zulia la plastiki. Katikati ya uwanja tulishindilia ukanda wa udongo mwekundu, na juu yake tukatandika mkeka mrefu wa makumbi ya nazi, uliotoka Mombasa kwa treni. Mkeka huo ulikuwa mmoja tu. Ukikunjwa, ulibebwa na wanaume wanne. Kuutandika kulikuwa kazi ya akili. Unapigilia misumari kuanzia katikati, halafu unavuta kwenda pembeni, watu wawili kila upande, ili usibaki na kunyanzi hata moja. Mkeka uliokazwa vizuri hurusha mpira kwa haki. Mkeka uliolegea hufanya unavyotaka wenyewe.

Sasa, timu yetu ilikuwa na desturi. Mrushaji aliyepigwa kuliko wenzake katika mechi ndiye aliyekwenda kuutunza mkeka nyumbani kwake, aupige brashi na kuuanika, mpaka mechi nyingine. Pikapu ya Jagdish iliushusha mlangoni kwa aliyeaibika, na mtaa wote ukajua. Katika miaka yangu ya kwanza mkeka ule uliishi kwetu kama mpangaji. Mama yangu hakuwahi kuniuliza kama tumeshinda. Alisikia pikapu ikiingia akasema tu, "Umepigwa tena."

Mwaka ninaousema, mvua ilikataa kuisha. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kupukuchuliwa, lakini jua lilitoka kwa saa mbili tu kwa siku, na turubai la mama lilikuwa limepasuka. Nilirudi kutoka ghalani nikamkuta amesimama juu ya mkeka wa timu, mikono kiunoni.

"Karanja, hii kitu yenu imelala hapa wiki mbili haifanyi kazi," akasema. "Na mahindi yangu yanaanza kuota."

"Mama, hiyo ni mali ya timu."

"Na hiyo timu inakula nini?"

Tukaukunjua uani, tukamwaga mahindi. Kwa siku nne mkeka wa kriketi uliokuja kwa treni kutoka Mombasa ulianika mahindi ya mama yangu, na nakiri kwamba yalikauka vizuri sana. Makumbi yanapitisha hewa chini. Mama aliufagia, tukaukunja, tukauviringisha mpaka ghala letu dogo la nyumbani.

Lakini punje zilikuwa zimeingia kati ya nyuzi, na panya wa kwetu Trans-Nzoia hawahitaji kuonyeshwa njia. Alhamisi kabla ya mechi nilipoufungua kuupiga brashi, nilikuta tundu la ukubwa wa kisosi.

Mama alileta sindano ya gunia na kamba ya katani, akakata kipande cha gunia, akashona. Alishona kwa nguvu zake zote, maskini, na kile kiraka kikawa kigumu na chenye uvimbe, kama kovu. Nikapima kwa hatua. Kilikuwa hatua nne kutoka mwisho mmoja wa mkeka. Mahali pa gunzi.

Ningeenda kwa Jagdish jioni ile, hadithi ingeishia hapo. Angenitukana kwa Kihindi, tungecheka, tungetafuta namna. Lakini niliona haya. Kukiri kwamba nimeanika mahindi kwenye mkeka wa timu, mimi mtu wa shamba niliyeingia kwenye mchezo wao na jembe, kuliniuma. Tena wateuzi wawili wa timu ya mkoa walikuwa wanakuja kuwatazama warushaji wetu. Wakati ule nchi ilikuwa bado na mikoa, na kuitwa timu ya mkoa ndiyo ilikuwa ndoto yetu. Nikajiambia nitasema baada ya mechi.

Mechi ilikuwa Bungoma, kwenye uwanja wa shule. Wao hawakuwa na mkeka, kwa hiyo tulikubaliana tangu zamani: wageni wanaleta mkeka, wenyeji wanapika. Na Bungoma wanapika. Tulikula kuku na ugali saa nne asubuhi, kabla hata ya kufungua mizigo, na mmoja wa wapigaji wetu akaomba aruhusiwe kulala.

Nilijitolea kupigilia misumari mwenyewe. Upande wenye kiraka niliuelekeza mbali na meza ya wakubwa, nikakinyunyizia vumbi jekundu mpaka kikafanana na mkeka.

"Leo umekuwa mtu ya kazi," Jagdish akaniambia, akanipiga begani.

Tulianza sisi kupiga. Mrushaji wao mmoja, bila kujua, aliangusha mpira juu ya kiraka, ukateleza chini ya ubao wa mpigaji wetu na kugonga vijiti. Yule ndugu alitoka akilalamikia bahati yake. Nilimpa maji ya kunywa na pole. Kumbe uongo ukishaanza hauhitaji kuongezewa maneno. Unanyamaza tu, wenyewe unakua.

Zamu yetu ya kurusha ilipofika, Jagdish alinipa mpira nirushe kuelekea upande ule. Wiketi ya kwanza, naapa mbele za Mungu, sikuilenga. Mpira uligusa ukingo wa kiraka, ukapinda, ukamtoa mtu. Wale wateuzi wakainama mbele kwenye viti vyao. Niliwaona. Tangu hapo nilianza kulenga.

Nawaomba mnielewe vizuri, kwa sababu kuna siku mtajikuta mahali kama pale. Hakuna sauti iliyoniambia, Karanja, sasa unafanya udanganyifu. Nilichokisikia ni, Karanja, una shabaha. Na kweli nilikuwa nayo. Mtu mwingine asingeweza kukigonga kiraka kile kwa kutaka. Nikawatoa wanne, na wenzangu wakanibeba juu.

Halafu akaingia Wafula. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, rika langu, mfupi, mwenye mdomo usiopumzika. Tulifahamiana kutokana na mechi za nyuma. Alinipiga mipira miwili mpaka kwenye uzio.

"Karanja, leo umekula nini?" akaniuliza kwa sauti, uwanja wote usikie. "Ama kuku yetu imekulemea?"

"Ngoja, mwalimu."

"Nangoja. Si uniletee basi."

Wenzake wakacheka. Hata mwamuzi akacheka. Na mimi nikarudi mpaka mwisho wa mbio zangu, nikakimbia kwa nguvu zote, nikakilenga kiraka katikati.

Mpira uliruka juu. Kwa mahali ulipoangukia, ulipaswa kumfikia kiunoni. Ulimpiga chini ya jicho la kushoto. Helmeti hatukuwa nazo. Alipiga magoti taratibu, kama mtu anayetaka kusali, akaweka ubao wake chini kwa uangalifu, halafu akalala.

Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya Jagdish. Mechi ikaisha pale. Tulipokuwa tukikusanya vitu, mmoja wa wateuzi alinishika mkono akasema ajali hutokea, nisivunjike moyo, wamenipenda.

Jumatano iliyofuata nilikwenda Bungoma kumwona. Alikuwa kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji, mama yake ameketi kando na chupa ya uji.

"Mulembe, mwanangu," mama yule akanisalimu, akanipisha kiti. "Karibu. Umetoka mbari." Ndivyo wanavyosema "mbali" wazee wa huko, na mpaka leo nikilisikia neno hilo namkumbuka yeye.

Daktari alikuwa amesema wangoje uvimbe ushuke ndipo wajue kama jicho litaona. Mwalimu asiyeona vizuri atafundishaje, na Wafula alikuwa na wadogo zake wanne aliokuwa akiwasomesha. Yote haya mama yake alinieleza polepole, bila lawama. Kisha Wafula mwenyewe akageuza kichwa.

"Karanja. Ile mpira, bana. Sijawahi kuona mpira kama ile."

Nikasema pole. Nikasema pole mara nyingi, nikaondoka bila kusema lililonipeleka.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi kanisani. Baba yangu alikuwa amenifundisha kusali kwa sauti tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kukosa maneno. Siku ile nilisimama, nikafunga macho, nikafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Nilisema naumwa koo. Mama alikuwa benchi la tatu. Tulipotoka aliniuliza, "Ni mkeka?" Nikamwambia ni mkeka. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama barabarani na nguo zetu za kanisa.

Kesho yake Jagdish alinikabidhi barua ya wateuzi, alama za vidole vyake vya grisi zikiwa kwenye bahasha. Niende Nakuru mwezi wa kwanza kujiunga na timu ya mkoa. Alinipa, akanitazama, akarudi chini ya trekta.

Nikaenda Bungoma mara ya pili. Safari hii sikuketi. Nilimwambia Wafula habari za mahindi, panya, sindano ya gunia na vumbi nililonyunyizia.

"Umesema ulikuwa unajua iko hapo?"

"Nilijua."

"Na ukailenga."

"Niliilenga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula ili asikie.

"Mimi nimekuwa nikiambia kila mtu kwa hii wodi ati nimepigwa na bola, mrushaji wa mkoa," Wafula akasema hatimaye. "Sasa nitawaambia nini? Nimepigwa na gunia?"

Akageukia ukuta. Mama yake akanyanyuka, akanishika kiwiko akanipeleka mpaka mlangoni.

"Enda kwenu, mwanangu. Tumesikia."

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja karakana kwa Jagdish. Alikuwa bado chini ya trekta, miguu tu ikionekana, nikaiungamia miguu. Nilipomaliza, alijivuta nje akajifuta mikono.

"Mimi najua," akasema. "Nimeona kiraka wakati ya kukunja mkeka. Wiki nzima mimi nangoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mdomo ni yako." Akanionyesha meza iliyojaa vyuma. "Karatasi iko pale. Wewe andika kwa wateuzi, mimi nitapeleka."

Niliandika. Walijibu kwa mistari miwili, kwamba jina langu limeondolewa. Ndivyo ilivyostahili. Nilikuja kuitwa miaka miwili baadaye, nikairushia timu ya mkoa misimu minane, lakini wakati ule sikujua kama nitaitwa tena, na si hilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nikiamka naliona jicho la Wafula.

Mama yangu naye hakutulia. Alisema mahindi yaliyokauka kwenye mkeka ule hawezi kuyala peke yake. Akajaza debe mpaka juu, akalifunika kwa leso, akampa dereva wa lori aliyekuwa akienda Bungoma kuchukua njugu, alipeleke kwa mama yake Wafula. Hakuandika barua. Mimi niliogopa kwamba debe litarudi na mahindi yake, au lisirudi kabisa.

Lilirudi baada ya wiki tatu, likiwa na njugu karanga robo tatu, na leso imefuliwa na kukunjwa juu yake. Mama alilitazama kwa muda, akaanza kuzichambua zile njugu. Baadaye nilimsikia akiimba wimbo wa kanisa jikoni. Jibu la Wafula mwenyewe halikuja.

Niliendelea kurusha. Jagdish alikata pale penye kiraka, akaunganisha mkeka upya, ukawa mfupi kidogo. Alinikataza kulenga gunzi. Mahali pake aliweka kitambaa, na kila siku akakihamisha, leo karibu, kesho mbali, ili mkono wangu ujifunze kutii jicho badala ya mazoea. Lijaribuni zoezi hilo. Ni gumu, linaudhi, na linafaa kuliko yote niliyowahi kufundishwa.

Na niruhusuni hili moja kabla sijamaliza. Msidhani kuungama kunarudisha kitu mahali pake siku hiyohiyo. Mimi nilisubiri miezi minne. Kila asubuhi nilisali kwa ajili ya jicho la mtu ambaye hakutaka kunisikia, na nilikwenda kazini, na nilipima magunia. Kusubiri nako ni kazi, na Mungu yumo ndani yake hata asiposema.

Ilipofika Machi, wakati watu wanalima wakingoja mvua, dereva yule wa njugu alisimamisha lori mbele ya ghala letu.

"Wewe ndio Karanja? Mwalimu Wafula anasema uende Jumamosi. Uende na mpira mgumu, usipeleke ya tenisi."

Nilikwenda. Nilimkuta kwenye uwanja wa shule yake, karibu na Kibabii, amevaa pedi za miguu tayari, peke yake. Walikuwa na kipande cha saruji walichokuwa wakifanyia mazoezi. Chini ya jicho lake la kushoto kulikuwa na kovu, na kope ilikuwa imelegea kidogo.

Hatukusalimiana kwa mkono. Alinionyesha upande wa pili kwa ubao wake.

"Hili jicho linaona kama mtu ameweka nailoni mbele yake," akasema. "Daktari anasema itatosha kufundisha. Mimi nataka kujua kama itatosha hii."

"Wafula, kama unataka tuanze polepole."

"Rusha."

Nilikimbia nusu ya mbio zangu, nikaurusha mpira laini, wa kumbembeleza mtoto. Aliuzuia kwa ubao, akauokota, akatembea nao mpaka nilipokuwa. Akaniwekea mkononi.

"Mimi sikukuita kutoka Kitale mpaka hapa unihurumie," akasema. "Ulinidanganya mara moja. Usinidanganye tena."

Alirudi mahali pake. Mimi nikarudi nyuma, hatua zote kumi na sita. Nilisali kwa maneno machache, na sikuomba nimkose wala nimpate. Niliomba tu nirushe kwa haki. Nikaitazama miguu yake. Haikutetemeka.

Nikakimbia nikaurusha kwa nguvu zangu zote, mkono umenyooka, mpira ukaanguka pale nilipotaka uanguke, ukainuka kama mpira wa haki unavyoinuka. Wafula akasogeza mguu mbele, akaupiga. Nilisikia mlio wake kabla sijajua ulikokwenda. Ulipita juu ya kichwa changu, juu ya uzio, ukaangukia kwenye sukuma wiki za mwalimu mkuu.

Hakukimbia. Alibaki amesimama na ubao wake hewani, akitazama kule mpira ulikokwenda, na machozi yakimtoka kwenye macho yote mawili.

"Nimeiona," akasema. "Karanja, nimeiona. Tangu ikiwa kwa mkono yako, mpaka hapa, nimeiona."

Tuliruka uzio, tukaingia kwenye sukuma wiki, tukautafuta mpira sote wawili.